Kabla ya Kumwambia "Sema": Mwongozo wa Lugha na Uelewa kwa Mlezi wa Mtoto Mwenye Usonji

Katika nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu au minne asiyeongea, neno moja hutawala siku nzima: sema. Sema maji. Sema mama. Sema shikamoo kwa bibi. Mtoto hunyamaza, au hurudisha kila kitu kama alivyokipokea: "Sema shikamoo." Wageni hucheka, mama huona aibu, na kesho yake zoezi huanza upya kwa sauti ya juu zaidi.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu wa mtoto mwenye usonji ambaye lugha yake haijaja, imekuja kidogo, au imekuja kwa wingi lakini haijulikani anaitumia kwa kazi gani. Programu za kumsaidia ni nyingi na majina yake yanachanganya. Msimamo wangu ni kwamba kazi huanza kwenye kuelewa, si kwenye kutamka, na programu yoyote iliyosahau hilo itakupa mtoto mwenye maneno mengi asiyewasiliana na mtu. Jambo hili si geni. Leo Kanner, daktari wa akili ya watoto huko Baltimore, Marekani, aliandika mwaka 1943 makala iliyoueleza usonji kwa watoto 11. Wanane kati yao walikuwa wanaongea, watatu hawaongei. Wale wanane walikuwa na kumbukumbu kali, wakikariri nyimbo, sala na orodha za majina, lakini Kanner aliona kwamba hata kwao maneno hayakuwa yakimfikishia mtu mwingine ujumbe.

Masikio kwanza, kisha uelewa

Kabla ya programu yoyote mtoto apimwe usikivu, tena hospitalini kwa vifaa, si kwa kumpigia makofi nyuma ya kisogo. Mtoto anaweza asigeuke ukimwita jina mara kumi, halafu akaja mbio aliposikia karatasi ya biskuti ikichanwa chumba cha pili. Hilo linathibitisha kwamba anaisikia karatasi. Halithibitishi kwamba sauti zote za lugha zinamfikia.

Halafu pima anachoelewa. Hapa wazazi wengi hujiaminisha visivyo, na si kosa lao. "Huyu anaelewa kila kitu, kuongea tu ndiko kumemshinda." Baba amesimama mlangoni na funguo mkononi, anasema, "Vaa viatu twende," na mtoto anakwenda kuchukua viatu. Lakini funguo zimeshasema, mlango umeshasema, na saa ya kila siku ya kutoka imeshasema. Ondoa vyote hivyo. Mkae sebuleni wakati ambao hamna safari, mikono yako iwe mapajani, macho yako yasielekee vilipo viatu, useme kwa sauti ya kawaida: "Lete viatu." Atakachofanya hapo ndicho kipimo cha neno lenyewe.

Wataalamu wa lugha wa Derbyshire, Uingereza, waliacha njia rahisi ya kuendelea mbele na kipimo hiki: hesabu maneno ambayo mtoto analazimika kuyaelewa ili afanye sawasawa. Weka mezani kijiko na uma, kikombe na sahani. Sema, "Weka kijiko kwenye kikombe." Hapo pana maneno mawili ya lazima, kijiko na kikombe, kwa kuwa angeweza kuchagua uma na sahani. "Weka" halihesabiwi, maana hana kingine cha kufanya na vitu hivyo. Lakini ukiweka mezani kijiko kimoja na kikombe kimoja, mtoto anaweza kupatia bila kuelewa neno hata moja, na wewe ukaandika kwamba ameelewa sentensi nzima. Jaribu kwa vitu anavyovijua, siku tofauti, bila kuonyesha kwa kidole.

Ukishajua kwamba mtoto wako anabeba maneno mawili, rudi usikilize jinsi watu wanavyoongea naye nyumbani: "Hebu nenda kamwambie dada akupe ile nguo ya bluu iliyoko kwenye kamba, siyo ile ya jana." Sentensi hiyo kwake ni kelele. Akikaa kimya akitazama feni, hajakaidi.

Jinsi ya kuongea naye

Kituo cha Hanen cha Toronto, Kanada, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilichukua uamuzi ambao bado naona ni wa busara: kumfundisha mzazi badala ya kumfundisha mtoto. Mzazi anafundishwa kutazama, kungoja na kusikiliza. Kaa chini mkekani, uso wako uwe usawa wa uso wake. Tazama anachokitazama yeye, si unachotaka wewe akitazame. Kisha ngoja. Hesabu kimyakimya hadi kumi. Utaona jinsi mtu mzima anavyoumia kukaa kimya hadi kumi. Mtoto akifanya chochote, akikutupia jicho, akiguna, akisogeza mkono, lichukue hilo kama ujumbe na ulijibu kwa neno moja au mawili.

Fupisha sentensi, lakini usiivunje lugha. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtu, wakati na tendo kwa pamoja, na mtoto anahitaji kukisikia kikiwa kizima. "Mtoto kunywa maji" si Kiswahili cha mtu yeyote. Sema, "Anakunywa. Anakunywa maji." Punguza pia maswali ya mtihani. "Hii nini? Hii rangi gani? Huyu nani?" Mzazi anayajua majibu, na mtoto anajua kwamba mzazi anayajua. Badala ya kuuliza, taja: "Gari. Gari limesimama."

Kuna jambo ambalo vitabu vya Kiingereza vinaligusa lakini kwetu lina sura yake. Watoto wengi wenye usonji hubadilisha nafsi: mtoto anataka uji, anasema, "Unataka uji." Fikiria ameipata wapi sentensi hiyo. Kila asubuhi mama anauliza, "Unataka uji?" na uji unatokea. Basi amejifunza sentensi inayoleta uji, na ameinukuu bila kukosea herufi. Ukimsahihisha kwa kusema, "Sema nataka uji," atakujibu, "Sema nataka uji." Njia iliyo bora ni wewe kusema maneno ambayo yangetoka kinywani mwake. Anaponyoosha mkono kwenye kikombe, sema, "Nataka uji," kwa sauti ya mwombaji, umpe. Mkiwa wawili ni bora zaidi. Mama anauliza, "Nani anataka uji?" Kaka anajibu, "Mimi. Nataka uji," naye anapewa mbele ya mtoto. Zamu inarudi kwa mtoto.

Shikamoo nayo ifundishwe hivyo. Dada yake mkubwa amwamkie bibi na bibi aitike "marahaba" mbele ya mtoto. Halafu dada akae nyuma ya mtoto, amnong'oneze sikioni "Shika…" na kumwachia amalizie. Neno "sema" lisitajwe. Na kama hatamalizia, bibi ampe mkono tu. Salamu ya mkono nayo ni salamu.

Kurudia maneno ya wengine kusikutishe. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walichunguza mirudio ya watoto wenye usonji wakaona kwamba mingi ina kazi: wengine wanachukua zamu katika mazungumzo, wengine wanasema "ndiyo", wengine wanajikumbusha la kufanya. Mtoto anayetamka tangazo zima la redio kila anapoogopa anakwambia anaogopa. Tafuta alilisikia wapi mara ya kwanza, kisha mpe sentensi fupi ya kumsaidia: "Naogopa. Nishike."

Picha mkononi

Chukua sasa mtoto asiyetamka kitu, tena asiyejua kwamba wewe ni njia ya kufikia anachokitaka. Biskuti iko juu ya kabati: analia, au anapanda kiti, au anakushika mkono na kuuelekeza kule kana kwamba mkono huo hauna mwenyewe. Kwa mtoto huyu ningeanza na PECS, utaratibu wa kubadilishana picha ambao Andy Bondy na Lori Frost waliubuni mwaka 1985 huko Delaware, Marekani. Una hatua sita. Ya kwanza ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Tafuta kitu anachokipenda kwelikweli, si kile unachoona kinamfaa. Kwa mmoja ni kashata, kwa mwingine kizibo cha soda kinachozunguka sakafuni, kwa mwingine mapovu ya sabuni. Kipige picha kwa simu, ichapishwe steshenari kwa ukubwa wa kiganja cha mtoto na kuwekewa laminesheni. Kama hilo haliwezekani, bandika karatasi yenyewe ya biskuti kwenye kipande cha boksi. Kazi ni ile ile. Nyuma yake weka kipande cha utepe wa kunasa, ule unaofungia viatu vya watoto.

Mnahitajika watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa na kashata mkono mmoja, kiganja cha pili kiko wazi. Mwingine anakaa nyuma ya mtoto, wala haongei. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata kashata, wa nyuma anauongoza mkono huo kwa upole uokote kadi na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Papo hapo wa mbele anasema, "Kashata!" na kumpa kipande kidogo, kidogo kweli, ili hamu isiishe. Mnarudia. Wa nyuma anaupunguza msaada kadiri siku zinavyokwenda, hadi mtoto anaokota na kukabidhi mwenyewe. Muda wote huo hakuna kumwuliza "Unataka nini?", hakuna "Nipe picha". Ukimwuliza anajifunza kujibu. Usipomwuliza anajifunza kuanza, na kuanza ndiko kulikokosekana.

Hatua ya pili ni ya umbali. Kadi inabandikwa kwenye daftari, daftari linasogezwa, na mtoto anajifunza kulifuata, kisha kumfuata mtu hata akiwa jikoni amempa mgongo. Ya tatu ni kutofautisha picha. Hapa ndipo uelewa unapoonekana: weka picha ya kashata na ya soksi, akikukabidhi soksi mpe soksi, bila hasira wala kicheko, umwone atafanya uso gani. Ya nne anaunganisha "nataka" na picha ya kitu kwenye kamba ya sentensi, ya tano anajibu anapoulizwa anataka nini, ya sita anaanza kusimulia: naona, nasikia. Familia nyingi huishia ya tatu, na hata hapo vilio nyumbani huwa vimepungua sana.

Bibi atasema picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kuongea. Hofu hiyo inaeleweka, lakini imechunguzwa. Mwaka 2006 Diane Millar na wenzake walizipitia tafiti za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa ishara, picha au vifaa vya kuwasiliana. Katika zile zilizofanywa kwa umakini zaidi walikuwamo watu 27: hakuna aliyepungukiwa na usemi, na asilimia 89 waliongeza maneno, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo. Mwaka 2014 timu ya Connie Kasari wa Los Angeles iliwafuatilia watoto 61 wa miaka mitano hadi minane wenye maneno machache mno. Wote walipata mafunzo yale yale ya mchezo na lugha. Waliopewa pia kifaa kinachotamka tangu mwanzo walipata lugha zaidi kuliko wengine. Kama nyumbani kuna tableti, programu ya picha zinazotamka ni matumizi bora kuliko katuni. Ila tableti ya kuongelea iwe ya kuongelea tu, na isinyang'anywe kama adhabu. Huwezi kumnyang'anya mtu mdomo.

Ratiba ya picha

Kuhusu programu ya TEACCH nitasema machache kwa sababu ni rahisi kuifanya. Ilianza Carolina Kaskazini, Marekani, mwaka 1972 chini ya Eric Schopler, kwa wazo kwamba watoto wengi wenye usonji hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia, kwa hiyo maana iwekwe mahali pa kuonekana. Ratiba ya siku iwe picha kwenye ukuta, usawa wa macho yake. Kazi zikae kwenye maboksi upande wa kushoto, zilizokwisha ziende upande wa kulia. Kwa kuanzia tosheka na ubao wa picha mbili: kwanza kuoga, kisha bembea. Mtoto mwenyewe aibandue picha jambo likiisha. Nimeona madarasa yenye ratiba nzuri za rangi ambazo hakuna mtoto anayezigusa. Hayo ni mapambo.

Kucheza kama matibabu

Kabla ya maneno, mtoto wa kawaida huonyesha kitu kwa kidole, humgeukia mama, hukirudia kitu kwa macho, kana kwamba anasema: unaona? Mtoto mwenye usonji huchelewa hapo, na kuchelewa hapo kunaburuta maneno nyuma, maana jina la kitu hushikwa pale watu wawili wanapokitazama pamoja. Programu kadhaa zimejengwa juu ya jambo hili. JASPER ni ya Kasari. Modeli ya Denver ya watoto wadogo ni ya Sally Rogers na Geraldine Dawson, nao walichapisha mwaka 2010 matokeo ya miaka miwili kwa watoto 48 waliokuwa na umri wa miezi 18 hadi 30 walipoanza. Waliopata programu walipanda zaidi katika lugha na akili. Inadai saa nyingi za wataalamu kila wiki.

Inayotufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni PACT ya Manchester. Mzazi anarekodiwa video akicheza na mtoto wake, kisha anaketi na mtaalamu wakiitazama pamoja na kusimamisha pale mtoto alipojaribu kuwasiliana na mzazi hakuona. Timu ya Jonathan Green iliijaribu kwa watoto 152, na miaka kadhaa baadaye, mwaka 2016, wakaripoti kwamba dalili za usonji zilikuwa nafuu zaidi kwa watoto ambao wazazi wao walipitia mafunzo hayo. Ikajaribiwa tena Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, kwa watoto 65, na safari hii waliofundisha wazazi hawakuwa mabingwa bali wahudumu wa afya wa jamii. Wazazi walijifunza kumfuata mtoto, na watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi.

Unaweza kuiga kiini chake leo jioni. Egemeza simu kwenye ndoo, cheza na mtoto dakika kumi, kisha itazame video mtoto akilala. Hesabu mambo mawili: mara ulizomwamuru au kumwuliza, na mara alizokutazama, kukugusa au kukutolea sauti wewe ukiwa unaendelea na lako. Orodha ya pili huwa ndefu kuliko mzazi alivyotarajia.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshi au ulemavu wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiendeshwa na watu wasio mabingwa. Ukisikia yanatolewa kwenye hospitali au kituo cha karibu nawe, jiandikishe.

Kuhusu ABA

Vituo vingi vya mijini hutangaza ABA, mafunzo yanayotokana na uchambuzi wa tabia. Jina lake lilipaa mwaka 1987, Ole Ivar Lovaas wa Los Angeles aliporipoti kwamba watoto 9 kati ya 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki walifikia kusoma darasa la kawaida. Matangazo huishia hapo. Hayataji kwamba watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, wala kwamba wakati huo mafunzo yalijumuisha kukemea kwa nguvu na pengine kofi la paja. Siku hizi ABA ina sura nyingi, nyingine za upole na za kimchezo, kama ile waliyoibuni Robert na Lynn Koegel huko Santa Barbara, inayomwachia mtoto achague kitu na kumlipa kwa kitu hicho hicho alichokitaja.

Chukua kilicho kizuri: kugawanya jambo katika vipande vidogo, kumpa mtoto faida ya papo hapo, kuandika maendeleo. Kataa kingine. Mtoto anayetaja picha 100 mezani na kushindwa kuomba maji jikoni amefundishwa meza. Kataa pia kulazimishwa kukaza macho usoni mwa mtu. Watu wazima wengi wenye usonji wanaeleza kwamba jambo hilo liliwaumiza na halikuwasaidia kusikiliza. Fimbo, pilipili na kufungiwa chumbani si matibabu, hata vikifanywa na mtu mwenye cheti ukutani.

Kiswahili, lugha ya nyumbani, au Kiingereza?

Mzazi wa Nairobi au Dar huambiwa, pengine na mwalimu, pengine na daktari: "Mchagulieni lugha moja, na iwe Kiingereza." Ushauri huu hauna msingi. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wa lugha moja hazijaona lugha ya pili ikiwaongezea ucheleweshi. Kinachomdhuru ni mama wa Kichaga au Kijaluo kuacha lugha anayotania, kuimba na kubembeleza kwayo, akaanza kuongea na mwanawe Kiingereza cha maneno 20 ya kuamrisha. Mtoto akitengwa na lugha ya bibi na binamu zake, ametengwa na watu walio tayari kucheza naye bila kulipwa.

Kuna watoto ambao Kiingereza huwajia wenyewe. Nyumba nzima inaongea Kiswahili, lakini mtoto anahesabu na kutaja rangi kwa lafudhi ya Kimarekani. Ameitoa kwenye katuni. Hali kama hii imeandikwa huko Tunisia, ambako Mikhail Kissine na wenzake walieleza mwaka 2019 kuhusu watoto wenye usonji wanaoongea Kiarabu sanifu cha televisheni badala ya Kiarabu cha mtaani kinachosemwa na wazazi wao. Usimkataze. Akisema jina la kitu kwa Kiingereza, lipokee, kisha ongeza la nyumbani papo hapo ndani ya jambo analolifanya: "Mpira, ndiyo. Nirushie mpira."

Anayesoma bila kuelewa

Wako watoto wanaosoma mapema mno: mabango, majina ya matatu, maandishi ya pakiti ya unga. Mwalimu anamweka mtoto wa namna hiyo kundi la mbele, na mwaka wa tatu wa shule mambo yanaharibika, kwa sababu sasa anaulizwa maana. Hapa ufasaha wa sauti umeficha upungufu, kama vile ratiba ya nyumbani ilivyouficha kwa yule mtoto aliyeambiwa avae viatu.

Mahali pa kwanza pa kukagua ni viwakilishi. Irene O'Connor na Perry Klein walionyesha mwaka 2004 kwamba vijana wenye usonji walielewa vizuri zaidi walipokuwa wakisimama kwenye kila kiwakilishi na kuamua kinamrejelea nani. Wao walifanya kwa Kiingereza, chenye maneno tofauti kwa mwanamume na mwanamke. Kiswahili hakina msaada huo. "Juma alikutana na Asha. Alimwambia amletee kitabu." Nani alimwambia nani? Mpe mtoto penseli, aandike jina dogo juu ya kila a- na kila -m-, au aweke picha za Juma na Asha mezani na kuzisogeza sentensi kwa sentensi. Kazi hiyo inachosha. Aya moja kwa siku inatosha.

Pa pili ni maneno yasiyomaanisha yanachosema. Mtoto anayeshika maana ya juu atashangaa ukimwambia "piga simu", "piga pasi" na "piga picha" baada ya kumfundisha kwamba kupiga ni vibaya. Usimcheke. Tengeneza naye daftari la "piga": ukurasa mmoja kwa kila msemo, na mchoro wa tendo lenyewe. Misemo ya mafumbo ije baadaye sana, mmojammoja, kila mmoja na hadithi yake.

Kwa hali za kijamii tumia masimulizi mafupi ambayo Carol Gray, mwalimu wa Michigan, aliyaanzisha mwaka 1991. Kanuni yake ni kueleza zaidi na kuamuru kidogo, kwa nafsi ya mtoto. Kwa mfano: "Jumamosi ninakwenda kwa kinyozi. Mashine ya kinyozi ina mlio. Mlio huisha mashine ikizimwa. Watu wengi hunyolewa ili wapate nafuu ya joto. Baba atakaa karibu nami. Nikichoka ninaweza kuonyesha kadi ya kupumzika." Soma naye siku kadhaa kabla, si mlangoni kwa kinyozi.

Ukienda kutafuta msaada

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache Afrika Mashariki. Makerere, Kampala, ilianza kutoa shahada ya fani hii mwaka 2008, na wengine wamesoma nje. Kenya, anzia kwenye vituo vya serikali vya tathmini vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984, au Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi. Tanzania, uliza ofisi ya elimu ya wilaya ni shule gani ya msingi ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji, na kama mwalimu wake amepitia elimu maalumu, kama ile inayotolewa na Chuo cha Patandi, Arusha.

Ukifika kituoni, omba uketi pembeni saa moja utazame. Sikiliza ni mara ngapi mtu mzima anangoja. Uliza watakufundisha nini wewe, maana mtoto atakuwa nao saa chache tu na wewe saa zote zilizobaki. Wakikwambia wazazi hawaruhusiwi kuingia, shukuru, uondoke. Mkimbie pia anayekuahidi kupona ndani ya miezi fulani, anayekuuzia vinywaji vya klorini au dawa za "kutoa sumu", ambavyo vinaweza kuua, na anayemshika mtoto kiwiko au mkono ili "aandike" mawazo yake kwenye ubao wa herufi. Njia hii ya mwisho ilitoka Melbourne na Rosemary Crossley, ikaenea Marekani miaka ya 1990, hadi watafiti walipomwonyesha mtoto picha moja na msaidizi picha nyingine. Kilichoandikwa kilikuwa alichokiona msaidizi.

Wengine watakwambia umechelewa, mtoto ameshapita miaka mitano. Mwaka 2013 Ericka Wodka na wenzake walichapisha taarifa za watoto 535 wenye usonji waliokuwa na ucheleweshi mkubwa wa lugha wakiwa na miaka minne. Kufikia miaka minane au zaidi, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno na asilimia 47 wanaongea kwa ufasaha. Waliobaki nao wana picha, ishara na vifaa, na hayo ni mawasiliano kamili.

Siku ya kwanza kwa mtaalamu usiende mikono mitupu. Beba matokeo ya kipimo cha masikio, ile video ya dakika kumi, na daftari lenye kurasa tatu: anafanya nini akitaka kitu, anafanya nini akikataa kitu, na anafanya nini akitaka wewe uone kitu alichokipenda. Ukurasa wa tatu ukiwa mtupu, mwombe mtaalamu aanzie hapo kabla ya kuanza kuhesabu maneno.